Koos Bekker na Hazina ya Shenzhen

Mwezi wa Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ilipokamilisha ununuzi wa MultiChoice, kampuni yenye DStv na madishi yaliyoenea juu ya mapaa tangu Cape Town hadi Mombasa na Kampala, magazeti yalijaa habari za bei ya hisa na hatima ya wafanyakazi, lakini kwa nadra sana yalimtaja mtu ambaye fikira yake ndiyo iliyoizaa biashara hiyo. Mtu huyo ni Koos Bekker, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1952, akalelewa katika shamba la mahindi, akasoma sheria na fasihi, kisha akaishia kuwa mmoja wa wawekezaji waliobahatika mno katika historia ya intaneti. Maisha yake ya kazi yastahili kusomwa na kila mwenye mtaji katika Afrika ya Mashariki, kwa sababu yanadhihirisha jinsi shirika lililopata nguvu zake katika ada za watazamaji wa Afrika lilivyokwenda kupata utajiri wake mkuu katika mji wa China.

Shirika hilo, Naspers, liliasisiwa mwaka 1915 na Makaburu waliotaka sauti yao wenyewe, na mhariri wa kwanza wa gazeti lake, Die Burger, alikuwa D. F. Malan, yule yule aliyeshika uwaziri mkuu mwaka 1948 na kuusimika ubaguzi wa rangi kuwa sera ya dola. Kwa miaka mingi magazeti yake yaliutetea utawala ule. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipowaita wenye vyombo vya habari mwaka 1997, shirika halikuungama. Ni waandishi wake zaidi ya 100 waliojitokeza, kila mmoja kwa nafsi yake, kuomba msamaha, na radhi ya kampuni ikachelewa hadi mwaka 2015, katika sherehe za miaka 100, ilipotamkwa na mkuu wa tawi lake la magazeti. Habari hii haifai kurukwa na anayeusifu ustadi wa Bekker, kwani mtaji hauji pasipo nasaba.

Bekker mwenyewe aliingia kwa mlango wa elimu. Alipokuwa akisoma shahada ya biashara katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliyoimaliza mwaka 1984, aliichunguza runinga ya kulipia ya HBO, akaona ya kuwa dawa hiyo ingeweza kuyafaa magazeti ya kwao, ambayo matangazo yake yalikuwa yakinyakuliwa na runinga ya serikali. Akamwandikia Ton Vosloo, mkuu wa Naspers, ambaye katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 2018 ameieleza kwa fahari hatua ile ya kumwamini kijana asiye na rekodi yoyote. Runinga yao ya kulipia, M-Net, ikaanza kurusha matangazo Oktoba 1986, magazeti hasimu yakiwa washirika ndani yake, kwa sharti la serikali kwamba isitangaze habari kabisa. Na kila jioni iliacha saa chache wazi bila kufungwa, ili asiye na king'amuzi aonje na kutamani. Baadaye zikafuata hisa katika kuanzishwa kwa MTN, kisha DStv mwaka 1995, na uuzaji wa biashara ya runinga ya Ulaya kwa Canal+, hao hao walionunua sehemu ya Afrika mwaka 2025. Mwaka 1997 Bekker akakabidhiwa uongozi wa Naspers yote.

Sasa tufike kwenye kisa ambacho hakuna aandikaye habari zake anayeweza kukikwepa, naye Anton Harber, mwandishi na mwalimu wa uandishi wa habari mjini Johannesburg, amekipa nafasi stahiki katika kitabu kidogo alichokitoa mwaka 2012. Naspers iliingia China mwishoni mwa miaka ya 1990 kama waingiavyo matajiri wengi wageni, yaani kwa mipango iliyotungwa mbali na kwa mameneja walioletwa kutoka nje, ikapoteza mamilioni ya dola kwa muda mfupi. Wengine wangefunga virago. Bekker na wenzake wakaamua kuugeuza utaratibu wote juu chini: wasiwafundishe tena Wachina biashara ya China, bali wawatafute vijana wa huko wenye kitu kilichokwisha kupendwa na watu wao, wawape fedha, na wawaachie kazi.

Mjumbe wa uamuzi huo alikuwa David Wallerstein, Mmarekani aliyekijua Kichina, mtumishi wa MIH, kampuni iliyosimamia runinga na intaneti za Naspers. Alipokuwa akizunguka katika miji ya China, aliingia katika mikahawa ya intaneti ambamo vijana walikaa usiku na mchana, akaona kwenye vioo vya kompyuta programu moja tu ya kupelekeana ujumbe, OICQ. Na alipokutana na wenye kampuni, akakuta kwamba hata kadi zao za biashara zimeandikwa namba ya OICQ. Walioitengeneza walikuwa wahandisi wachache wa Shenzhen wakiongozwa na Ma Huateng, walioiasisi kampuni yao, Tencent, Novemba 1998, nao walikuwa na watumiaji wengi wa kustaajabisha na fedha chache za kusikitisha, kiasi kwamba waliwahi kutaka kuiuza programu yao wasipate aliyekubali bei. PCCW ya Hong Kong, iliyokuwa na asilimia 20, ilikubali kuuza fungu lake kwa dola milioni 12.6, ikajiona imefanya biashara njema; na wenye hisa wengine nao wakapunguza mafungu yao. Hata mwaka 2001, hisa za intaneti zikiwa zimeporomoka duniani kote, Naspers ikajikuta ina asilimia 46.5 ya Tencent kwa gharama ya dola milioni 32.

Lililozidi ununuzi wenyewe ni subira iliyofuata. Waasisi waliachiwa usukani; Tencent ikaingia soko la hisa la Hong Kong mwaka 2004; ikaleta michezo, kisha WeChat mwaka 2011; na Naspers ikakaa, mwaka baada ya mwaka, pasipo kuuza hata hisa moja sokoni, ingawa kila mara walitokea washauri wa kuiambia ivune. Ilipouza asilimia 2 tu mwezi Machi 2018, ilipokea dola bilioni 9.8, yaani zaidi ya mara 300 ya fedha yote iliyotolewa mwanzo. Na asilimia 2 nyingine mwaka 2021 zikaleta dola bilioni 14.7. Bekker hakupokea mshahara kwa muda wote wa uongozi wake, 1997 hadi 2014, bali haki za kununua hisa, jambo lililomfanya bilionea na kuzua manung'uniko ya haki kabisa katika nchi yenye tofauti kubwa mno kati ya tajiri na maskini.

Walakini huku kwetu mkono ule ule haukuwa na subira ile ile. Nairobi, kuanzia mwaka 2010, Naspers ilikuwa na Mocality, orodha ya biashara iliyokusanywa na wananchi waliolipwa kwa M-PESA kwa kila duka na karakana waliyoisajili, kazi ambayo hakuna aliyeifanya kabla yao. Januari 2012 Mocality iliufichulia ulimwengu kwamba watu waliofanya kazi kwa niaba ya Google walikuwa wakiwapigia simu wateja wa orodha hiyo na kudai uongo kuwa wanashirikiana nayo; Google ikaomba radhi hadharani. Haki ilikuwa upande wa Mocality, lakini mwaka mmoja baadaye ilifungwa na mwenye mali. OLX, soko la mtandaoni la Naspers, nayo ilifunga ofisi yake ya Nairobi mwaka 2018, na mwaka uliofuata biashara yake ya Kenya, Uganda na Tanzania ikauzwa kwa kampuni ya Jiji. China ilisamehewa hasara, ikapewa jaribio la pili. Afrika ya Mashariki ilipewa hesabu ya mwaka.

Yaliyobaki ni mafupi. Mwaka 2015 Bekker alirejea akiwa mwenyekiti. MultiChoice ikatengwa na kuorodheshwa peke yake mwaka 2019. Na mwaka huo huo uwekezaji wa nje, Tencent ikiwa ndiyo nguzo yake, ukawekwa chini ya Prosus, iliyosajiliwa Amsterdam.

Simlaumu Bekker kwa kufuata faida ilikokuwa. Mfanyabiashara hana kosa katika hilo. Lawama ni yetu, tuliolipa ada za ving'amuzi kwa miongo mitatu huku mifuko yetu ya hifadhi ya jamii, benki zetu na matajiri wetu wakiamini kwamba mali salama ni kiwanja na jengo la ghorofa peke yake. Vijana wa kwetu wenye programu zilizokwisha kupendwa mitaani wapo, nao hutafuta mtaji kwa wageni kwa kuwa wenyeji hawawasikilizi. Kanuni iliyoitajirisha Naspers haikuwa siri wala uchawi: mtazame mtu wako anatumia nini, mwamini aliyekitengeneza, mpe fedha, na mvumilie. Wenye mitaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala na waitumie kanuni hiyo nyumbani, kabla mgeni mwingine hajaitumia kwa niaba yao.