Ugomvi wa wapiga picha

Wanafunzi huuliza kwa nini picha "hupigwa". Mimi huwajibu kwa mzaha kwamba wapigaji wenyewe waliwahi kupigana, ila kwa kalamu.

Peter Henry Emerson alisomea udaktari, lakini kamera ndiyo iliyomteka. Picha zake za wavuvi na wavunaji matete wa Norfolk, Uingereza, zilitoka kitabuni mwaka 1886. Mwaka 1889 akaandika kwamba jicho huona vizuri pale linapokaza tu, hivyo picha ya nje nayo iwe na ukungu kidogo pembeni. Henry Peach Robinson akampinga vikali. Huyu alikuwa akiunganisha negativu kadhaa ziwe picha moja. Ile yake maarufu ya mwaka 1858 ilitokana na negativu 5. Kwa Emerson huo ulikuwa uongo mtupu.

Mwaka 1890 Hurter na Driffield walichapisha utafiti kuhusu mwanga na sahani za picha. Emerson akaona kwamba mpiga picha hawezi kubadili vivuli apendavyo, akakana kuwa upigaji picha ni sanaa. Kijitabu chake cha kukana kilizungushiwa mstari mweusi, kama tangazo la tanzia. Kamera, hata hivyo, hakuiweka chini: mwaka 1895 alitoa tena kitabu cha picha za vinamasi.