Ndege ya Mbao na Ua Jeupe

Watu wengi hudhani kwamba ndege zilizopigana na Wajerumani katika anga ya Urusi zilikuwa za chuma tupu. Hata wanachuo wangu walidhani hivyo, wala sikuwalaumu. Lakini Yak-1, ndege iliyobeba mzigo mkubwa wa vita vile, ilikuwa na bawa la mbao. Kiwiliwili chake kilikuwa fremu ya mabomba ya chuma. Mbele, penye injini, kilifunikwa kwa bati jepesi, na nyuma kwa plaiwudi na kitambaa. Aluminiamu ilikuwa adimu, na mwaka 1941 Wajerumani waliuteka mji wa Zaporizhzhia uliokuwa na kiwanda kikubwa cha metali hiyo. Miti haikuwa adimu. Basi zikaundwa Yak-1 zaidi ya 8,600 hadi mwaka 1944, nyingi katika mji wa Saratov kando ya Mto Volga.

Ndiyo maana nilipoamua kuunda mfano wake baada ya kustaafu, niliuchonga kwa mbao. Nilichagua skeli ya 1 kwa 20, kwa kuwa bawa la mita 10 linakuwa sentimita 50 kamili, na mzee hapendi kuhangaika na desimali. Mzinga wake wa milimita 20, uliofyatua risasi kupitia katikati ya pangaboi, unakuwa milimita 1. Nilitumia sindano ya kushonea. Bawa lilinichukua wiki tatu za randa na msasa, maana linakwenda likiwa jembamba hadi nchani, na upande mmoja ukizidi kidogo tu jicho huona mara moja.

Hata hivyo, kuchonga ni kwepesi. Ugumu uko kwenye rangi, kwani hapo lazima useme ndege ni ya nani. Mimi nilitaka iwe ya Lydia Litvyak.

Binti huyu alizaliwa Moscow mwaka 1921, na kabla ya vita alikuwa mwalimu wa urubani. Alijiunga na vikosi vya wanawake vilivyoundwa na rubani Marina Raskova, na Septemba 1942 akapelekwa Stalingrad kupigana bega kwa bega na wanaume. Tarehe 1 Agosti 1943 aliruka kwenda vitani, asirudi. Zilibaki siku 17 atimize miaka 22.

Kutoonekana kulikuwa jambo zito kuliko kifo. Amri namba 270 ya Agosti 1941 iliwahesabu waliojisalimisha kuwa wasaliti, na askari ambaye maiti yake haikupatikana alibaki katika shaka. Hivyo Litvyak akanyimwa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovyeti. Waliohangaika kumsafisha ni mwalimu mmoja wa shule katika mji wa Krasnyi Luch, Ukraine, na wanafunzi wake. Miaka ya 1970 walizunguka vijijini wakichimbua mabaki ya ndege na kuwahoji wazee, na mwaka 1979 wakapata habari za rubani mwanamke aliyezikwa katika kijiji cha Dmytrivka. Wapo wanaobisha hadi leo kwamba ndiye. Lakini kumbukumbu za jeshi zilirekebishwa, na Mei 1990 akapewa cheo chake. Mimi niliyewatuma wanachuo vijijini na madaftari kwa miaka mingi, habari hiyo niliisoma mara mbili.

Sasa ua. Husimuliwa kwamba ubavuni mwa ndege yake palichorwa ua jeupe. Wengine husema yungiyungi, wengine waridi. Mjukuu wangu alikuja na brashi mkononi.

“Babu, bila ua nani atajua ni yake?”

Swali zuri. Lakini sijaona picha hata moja ya wakati ule yenye ua hilo, na mashahidi wasiopatana hata juu ya aina ya ua hunitia wasiwasi. Nikamwambia kwamba wale watoto wa Krasnyi Luch walichimba hadi wakapata kitu cha kushika, nasi tusimpambe marehemu kwa uvumi. Nilipaka kijani na nyeusi juu, buluu chini, na nyota nyekundu.

Hakuridhika. Tukakubaliana aandike kwenye kibao cha kuwekea ndege, kwa herufi za Kirusi alizozinakili kwa taabu, jina la rubani na tarehe mbili: 18 Agosti 1921 na 1 Agosti 1943.