Land Rover za Mpanda na Kesi ya Oili

Mgeni anayefika Mpanda siku hizi kwa basi kutoka Tabora, akiwa amesinzia juu ya lami, atapata taabu kuniamini nikimwambia kwamba sisi wa zamani tulisafiri kwa masikio. Tulisikiliza gari. Abiria wote, hata mama aliyepakata kuku, waliijua sauti ya gari zima na sauti ya gari linaloumwa. Sauti ikibadilika, mazungumzo yalikoma.

Nilishuka kwenye treni ya Kaliua mwaka 1972, nikiwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu, na sanduku la bati na godoro. Reli ile, yenye urefu wa kilometa 210, walijenga wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Machimbo yalikwisha, reli ikabaki. Wilaya yetu wakati huo ilikuwa Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 tukahamishiwa Rukwa, na mwaka 2012 tukawa Katavi. Tumebadilishiwa mkoa mara mbili bila kuhama nyumba.

Masika ilipoanza, kuanzia Novemba hadi Aprili, treni ndiyo iliyokuwa uzi wetu wa kutuunganisha na dunia. Lakini treni haifiki Karema, wala Inyonga, wala Mwese. Huko ilikwenda Land Rover. Mwaka 1973 wakimbizi kutoka Burundi walipofunguliwa makazi ya Katumba, na mwaka 1978 yale ya Mishamo, magari ya fowili yaliongezeka wilayani, na chini ya magari hayo vijana wengi wa hapa walijifunza spana. Hakuna aliyewapa cheti. Walilala chini juu ya gunia, wakachuruzikiwa na oili usoni, mpaka wakaelewa.

Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha kugombaniwa, ndiyo maana bodi yake waliitengeneza kwa aluminiamu. Kwa hiyo Land Rover ya miaka arobaini unaweza kuikuta bodi yake nzima wakati chesisi chini imeoza. Wanadamu wa namna hiyo nimewaona pia, lakini tuendelee.

Fowili ya zamani haikuwa kama ya sasa. Kwa kawaida gari lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiona tope mbele, unabonyeza kirungu cha njano, na ekseli ya mbele nayo inaanza kuvuta. Ukizidiwa kabisa, unavuta kirungu chekundu ili upate gia nzito. Madereva wengi walivijua virungu, lakini wachache walijua kwamba fowili ile haipendi barabara ngumu. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hutembea mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga tairi huteleza kidogo, mambo yanakwisha. Kwenye ardhi ngumu haliwezi kuteleza, basi vyuma vinajisokota ndani, usukani unakuwa mzito, na kirungu hakitoki hata ukikipiga teke. Hapo watu walikwenda kutafuta nyundo, na dawa ilikuwa kurudi nyuma hatua chache tu, vyuma vijilegeze.

Fundi mmoja wa hapa mjini, ambaye alikuwa hajui kusoma, alinifundisha kupima ugonjwa wa gari kwa utaratibu ambao ningetamani walimu wangu wa sayansi wangekuwa nao. Gari limesimama, injini inanguruma, gia imeingia, lakini haliendi. Watu wanapiga kelele: klachi! Yeye alikuwa akiweka mawe kwenye magurudumu, anamwambia dereva aachie klachi polepole, kisha anachungulia chini kwa mbali. Propela ya nyuma ikiwa haizunguki, ugonjwa uko mbele, kwenye klachi au giaboksi. Propela ikizunguka na gurudumu limelala, ugonjwa uko nyuma: shafti imekatika ndani ya ekseli. Na shafti za nyuma za Land Rover zilikuwa na sifa ya kukatika. Basi alikuwa anabonyeza kirungu cha njano, na gari linakwenda nyumbani likivutwa na magurudumu ya mbele. Nimeliona hilo kwa macho yangu njia ya Sitalike, saa mbili usiku, tukiwa na mitihani ya darasa la saba ndani ya masanduku na simba akinguruma upande wa mbuga.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilikauka. Sabuni, chumvi, dizeli, tairi, vyote vilikuwa kwa kibali. Oili ya giaboksi ilikuwa mali. Lita moja iliweza kukupatia debe la mahindi. Mwaka 1983 serikali ikaanza msako wa wahujumu uchumi, na kila kamati nchini ikataka nayo ionekane imemkamata mhujumu wake.

Taasisi moja hapa wilayani, ambayo sitaitaja, ilikuwa na Land Rover mia na tisa ya dizeli. Giaboksi yake ikafa njiani. Ilipofunguliwa, ndani ilikuwa kavu, meno ya gia yamegeuka rangi ya buluu kwa moto. Chini ya gari, pale lilipolala kila siku, hapakuwa na dimbwi la oili. Kamati ikaundwa kuchunguza. Mimi niliitwa kuwa katibu kwa sababu ya mwandiko mzuri.

Dereva alikuwa mtu mzima, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na miwili. Aliulizwa: oili imekwenda wapi? Akasema hajui. Akaulizwa: imemwagika? Akasema hajaona ikimwagika. Hapo tayari alikuwa amejifunga mwenyewe, kwa sababu kitu ambacho hakijamwagika na hakimo ndani, kimeuzwa. Akasema neno moja zaidi, nalo niliandika kama alivyolitamka: kwamba kwa muda wa mwezi mzima breki ya mkono ilikuwa haishiki na alikuwa ameripoti. Mwenyekiti akamwuliza breki ya mkono inahusiana nini na oili ya giaboksi. Watu wakacheka. Nami nilicheka. Dereva akanyamaza.

Hakupelekwa mahakamani. Alifukuzwa kazi na kukatwa stahili zake. Neno "wizi" kwenye ule muhtasari ni mkono wangu ulioliandika.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 1993, wakati watu wenye fedha walikuwa wamekwisha kuhamia Land Cruiser, mimi na mdogo wangu tulinunua Land Rover kuukuu kwenye mnada ili tubebe asali na mahindi. Haikupita miezi minne giaboksi ikaanza kulia. Ililia kwenye gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini ya nne ilikuwa kimya. Yule fundi wangu asiyejua kusoma alifurahi kusikia hivyo, kwa sababu gia ya nne hupita moja kwa moja bila kutegemea shafti ya chini. Kwa hiyo anayelia ni shafti ya chini na beringi zake. Akafungua bolti la kupimia oili. Hakuna kitu. Nikamwambia kwa hasira kwamba utingo wetu ameuza oili.

Fundi hakunijibu. Alisogea nyuma kidogo, kwenye transifa, ambayo ndiyo sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma, akafungua bolti lake la kupimia. Oili ikaruka na kumwagika hadi kwenye kiwiko chake.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Giaboksi na transifa ni nyumba mbili zilizoshikana ukuta, na kila moja ina oili yake. Giaboksi hula kama lita moja na nusu, transifa kama mbili na nusu. Shafti kubwa hutoboa ule ukuta, na kwenye tundu kuna sili ya mpira. Sili ikichakaa, oili ya giaboksi huhamia kwa jirani. Nje huoni kitu. Kisha transifa ikijaa kupita kiasi, oili hujipenyeza kwa nyuma, na nyuma yake ndipo lilipofungwa dramu la breki ya mkono.

"Kwa hiyo, Mwalimu," akasema, "breki ya mkono ikianza kuteleza, usikimbilie breki. Kapime oili."

Nilikaa juu ya tairi la akiba. Mdogo wangu alidhani ni bei ya ukarabati iliyonitisha.

Nilichelewa miezi mitatu kabla ya kwenda kumtafuta, na sitajitetea kwa hilo. Niliambiwa yuko upande wa Inyonga, ana mizinga. Nilimkuta chini ya mwembe akifukiza mzinga mtupu kwa moshi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nilimweleza yote: sili, ukuta, transifa, dramu. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika na kwamba nilicheka. Nilikuwa nimechukua lita tano za oili mpya, sijui kwa nini. Nilipozitoa nikaona haya, nikaziacha kando ya mguu wangu.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza:

"Na lile gari walilitengeneza?"

Nikasema ndiyo, waliweka giaboksi nyingine.

"Sili walibadilisha?"

Nikamwambia kwamba giaboksi ya pili nayo ilikufa mwaka 1985, na gari likauzwa kama chuma chakavu.

"Basi yule dereva wa pili," akasema, "naye walimfukuza?"

Sikuwa nimefikiria kuuliza. Niliporudi Mpanda niliuliza, na jibu lilikuwa ndiyo. Huyo nilimkosa, alikwisha kuhama na familia yake kuelekea Kigoma. Barua mbili nilizoiandikia ile taasisi kuwaombea wote wawili hazikujibiwa, na nakala zake ninazo kabatini mpaka leo, pamoja na ile sili iliyochakaa ya gari letu, ambayo fundi alitaka kuitupa.