Ukuta wa moto wa kompyuta ya nyumbani

Ukuta wa moto wa kompyuta ya nyumbani (pia: ngome) ni programu inayokagua data zinazoingia na kutoka kati ya kompyuta ya mtu binafsi na mtandao, na kuzuia zile ambazo hazikuruhusiwa. Jina limetoka kwenye ujenzi: ni ukuta usioshika moto, unaotenganisha sehemu mbili za jengo ili moto ukizuka upande mmoja usivuke kwenda wa pili.

== Jinsi unavyofanya kazi ==

Kila programu inayopokea mawasiliano kutoka mtandaoni husubiri kwenye mlango wenye namba. Milango hii si ya kuonekana kwa macho. Ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535. Tovuti salama hutumia mlango 443, kushirikiana mafaili katika Windows hutumia 445, na kuendesha Windows ukiwa mbali hutumia 3389. Data husafiri katika vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti hutaja mlango inakokwenda.

Ukuta wa moto wa kisasa hukumbuka maombi yaliyotoka. Kivinjari kikiomba ukurasa, majibu yake huachwa yapite. Pakiti iliyokuja bila kuitwa hutupwa, isipokuwa kama kuna kanuni inayoiruhusu. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia intaneti miaka mingi bila kufungua mlango hata mmoja.

== Historia ==

Windows XP ilitoka mwaka 2001 ikiwa na ukuta wa moto ndani yake, lakini ulikuwa umezimwa na umefichika katika mipangilio. Watumiaji wengi hawakujua kwamba upo.

Tarehe 11 Agosti 2003 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Blaster ulianza kuenea kupitia mlango 135. Haukumhitaji mtu afungue barua pepe wala kubofya chochote. Ilitosha kompyuta kuwa imeunganishwa na intaneti. Kompyuta iliyopatwa ilionyesha tangazo kwamba ingezimika baada ya sekunde 60, ikawaka upya, kisha ikarudia yale yale, mara nyingi kabla mwenyewe hajamaliza kupakua kiraka. Kiraka chenyewe Microsoft ilikuwa imekitoa tangu Julai mwaka huo. Njia ya kutoka katika mzunguko huo ilikuwa kuwasha kwanza ukuta wa moto, kisha kupakua.

Mwaka uliofuata, Agosti 2004, sasisho kubwa la Windows XP liitwalo Service Pack 2 liliuwasha ukuta huo bila kumsubiri mtumiaji. Tangu hapo Windows huja na ukuta uliowashwa.

== Kuchagua ==

Kabla ya hapo ilikuwa kawaida kupakua ukuta wa kampuni nyingine, kwa mfano ZoneAlarm, ambayo pia ilimuuliza mtumiaji kila programu mpya ilipotaka kutoka kwenda mtandaoni. Wazo lilikuwa zuri, ila maswali yalikuwa mengi, na mtu aliyeulizwa mara ishirini kwa siku huishia kubofya "ndiyo" bila kusoma.

Kwa kompyuta ya nyumbani ya leo, ukuta uliomo ndani ya mfumo wa uendeshaji kwa kawaida hutosha. Kuendesha kuta mbili za programu kwa pamoja hakuongezi ulinzi mara mbili. Mara nyingi huleta migongano isiyoeleweka chanzo chake. Baadhi ya programu za kupambana na virusi huja na ukuta wao na kuchukua nafasi ya ule wa Windows. Kipindi cha majaribio kikiisha, au programu hiyo ikiondolewa, inafaa kuhakikisha kwamba ule wa Windows umewaka tena.

Kwenye Mac ukuta upo lakini kwa kawaida huwa umezimwa hadi mwenyewe auwashe katika mipangilio. Ubuntu nayo huja na programu ya ufw ikiwa imezimwa. Amri `sudo ufw enable` huiwasha, na kuanzia hapo huzuia yanayoingia na kuruhusu yanayotoka.

Ruta ya nyumbani ni kinga nyingine, kwa kuwa vifaa vyote vya ndani hujificha nyuma ya anwani yake moja. Mtumiaji wa modemu ya USB ya aina ya zamani hana kinga hiyo: kompyuta yake hupewa anwani moja kwa moja na kampuni ya simu, hivyo ukuta wa ndani ndio pekee anaoumiliki. Tena ruta haizuii kompyuta moja iliyoambukizwa isiishambulie jirani yake ndani ya nyumba ile ile.

== Kuweka mipangilio ==

Swali lenye uzito mkubwa huja pale kompyuta inapounganishwa na mtandao mpya: je, ni mtandao wa umma au binafsi? Mtandao binafsi huruhusu vifaa vingine kuiona kompyuta, jambo linalohitajika kwa printa au kushirikiana mafaili. Wi-Fi ya hoteli, mgahawa, chuo au bweni ni ya umma, hata kama ina nywila, kwa sababu nywila hiyo wanayo wengine wengi. Mwenye shaka achague umma.

Swali la pili huja pale programu inapoomba kupokea mawasiliano. Mchezo wa kucheza na wenzako huweza kuwa na sababu ya kuomba. Programu ya kuandikia barua haina. Kukataa si hatari, kwani ruhusa inaweza kutolewa baadaye.

Kosa la kawaida ni kuzima ukuta wote kwa sababu printa au mchezo umegoma, kisha kusahau kuuwasha. Heri kuruhusu programu hiyo moja, na kwenye mitandao binafsi tu. Katika Windows, amri `wf.msc` hufungua orodha ya kanuni zote, na humo mara nyingi hukutwa ruhusa za programu zilizokwisha kufutwa. Mlango 3389 usifunguliwe kwa intaneti nzima, maana wadukuzi huutafuta kila wakati na kujaribu nywila.

== Mipaka ==

Ukuta wa moto hausomi nia ya mtumiaji. Faili lenye kirusi lililopakuliwa na mwenyewe hupita kama jibu halali. Mnyoo Conficker, uliojitokeza Novemba 2008, ulianza kwa kuingia kupitia mlango 445, lakini matoleo yake ya baadaye yalisafiri pia kwa flashi. Kompyuta yenye ukuta imara iliambukizwa na flashi iliyochomekwa kwa mkono, na mara ilipoambukizwa, mnyoo uliizuia kufikia tovuti za kampuni za kupambana na virusi.