Sare ya Shule na Swali la Usawa katika Historia ya Kenya

Utangulizi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 27, yataja misingi ambayo Serikali haina ruhusa ya kumbagua mtu kwayo. Katika orodha hiyo ndefu, yenye kutaja dini, dhamiri, imani na utamaduni, mavazi na lugha vimewekwa bega kwa bega. Kwa mtaalamu wa lugha, ujirani huo si wa kupuuzwa. Mavazi na lugha ni mambo mawili ambayo shule za wakati wa ukoloni ziliyawekea sheria kali, kwa kuwa kwayo mtoto alitambulikana upesi kuwa ametoka wapi na anapelekwa wapi.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi sare ya shule ilivyoingia Kenya, maana ilizobebeshwa kwa nyakati mbalimbali, na sababu zilizoufanya ugomvi juu yake ufike katika mahakama ya juu kabisa ya nchi. Hoja itakayotetewa ni kwamba sare ilianza kama alama ya kutenga, kisha baada ya uhuru ikapewa kazi ya kusawazisha, ilhali kipimo kilichotumiwa kuikata kilibaki kile kile cha zamani.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Timu mbili zikimaliza mchezo bila mshindi, husemwa kuwa zimetoka sare. Wanawake wakienda arusini na kanga za namna moja, husemwa kuwa wamevaa sare. Katika matumizi yote mawili mna wazo la ulinganifu. Na katika hayo ya arusini mna pia wazo la makubaliano, maana wavaaji wenyewe ndio wanaopatana juu ya kitambaa. Neno hili lilipohamishiwa shuleni, wazo la ulinganifu lilihama pamoja nalo, lakini lile la makubaliano likaachwa nyuma.

Nguo kabla ya shule

Haitakuwa sahihi kudhani kwamba mavazi yalianza kuwa alama ya daraja pale wamisionari walipofika. Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19, mwungwana alijulikana kwa kanzu, kilemba au kofia, na viatu. Mtumwa alivaa kipande cha merikani, yaani pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa kutoka Marekani, au kaniki. Na desturi haikumruhusu kujifunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya mabwana. Hii ndiyo sababu kukomeshwa kwa utumwa, Unguja mwaka 1897 na katika Mwambao wa Kenya mwaka 1907, kulifuatwa na mabadiliko makubwa ya mavazi. Waliokuwa watumwa walivaa kanga, na baadaye buibui, wakidai kwa nguo kile ambacho sheria ilikuwa imewapa kwa maandishi.

Kwa hiyo misheni za Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianza kazi mwaka 1846, na Freretown, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, zilianzishwa katika jamii ambayo tayari ilijua kusoma nguo. Jambo jipya walilolileta wamisionari ni kuifunganisha nguo iliyoshonwa na kitabu. Lugha za bara zimehifadhi kumbukumbu ya jambo hilo. Wakikuyu waliwaita waongofu wa kwanza athomi, yaani wasomaji. Wajaluo waliwaita jonanga, yaani watu wa nguo. Majina hayo mawili yalitaja kundi moja la watu, la kwanza kwa kazi yao na la pili kwa vazi lao. Asiyevaa nguo hakuhesabiwa kuwa msomaji, na aliyezivaa alikwisha kuhesabiwa kuwa amejitenga na wenzake waliovaa ngozi na kujipaka udongo mwekundu.

Kaki na kaptula

Shule zilipoongezeka, vazi lililoenea kwa wavulana lilikuwa shati na kaptula ya kaki. Neno kaki lina asili ya Kiajemi, lenye maana ya vumbi, nalo lilipitia India na jeshi la Waingereza kabla ya kufika kwetu. Askari wa King's African Rifles walivaa kaki. Tarishi wa ofisi ya bwana shauri alivaa kaki. Na mwanafunzi naye akavikwa kaki. Hapana shaka kitambaa hicho kilipendwa kwa kuwa kilikuwa imara na hakikuonyesha uchafu upesi. Hata hivyo, kilimweka mtoto katika safu moja na watumishi wa Serikali. Kaptula, aidha, ilivaliwa hata na vijana waliokuwa watu wazima kwa hesabu ya mila zao, waliokwisha kutahiriwa na kuingia katika rika.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kumbukumbu za utoto wake alizozichapisha mwaka 2010, ameeleza jinsi alivyoingia shule mwaka 1947. Kabla ya siku hiyo alivaa kitambaa kilichofungwa begani. Ili aende shule, mama yake alimnunulia shati na kaptula. Katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, mwandishi huyo huyo anasimulia habari ya mtoto aliyesikiwa akisema Kikuyu karibu na shule, akatundikwa shingoni bamba la chuma lenye maneno ya kumfedhehesha. Matukio hayo yanafaa kusomwa pamoja. Shule iliyompa mtoto vazi la heshima ndiyo iliyokuwa na vazi la aibu, na vazi hilo la aibu lilitungwa kwa ajili ya lugha ya mama yake.

Sare baada ya uhuru

Baada ya mwaka 1963 sare haikuondolewa, ilienezwa. Hoja iliyotolewa kuitetea ilikuwa njema: mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini, wakikaa dawati moja kwa vazi moja, hawatajuana kwa umaskini wala utajiri. Hapo ndipo neno sare lilipopata nguvu yake kamili. Lakini majina ya nguo zenyewe yalizidi kueleza zilikotoka: shati, sweta, blauzi, sketi, tai na soksi, yote ni maneno ya Kiingereza yaliyovikwa silabi za Kiswahili.

Mambo mawili yaliizuia sare isitimize ahadi yake. La kwanza lilikuwa gharama. Karo ya madarasa ya chini ilifutwa mwaka 1974, na elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003, lakini sare iliendelea kununuliwa na mzazi. Utafiti wa Duflo, Dupas na Kremer, uliofanywa katika shule 328 za magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2003 na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watoto waliopewa sare bure waliacha shule kwa uchache zaidi, na kwamba wasichana miongoni mwao walipata mimba za mapema kwa uchache zaidi. Vazi lililokusudiwa kuficha umaskini lilikuwa limegeuka mlango wa kuwazuia maskini.

La pili lilikuwa ufadhili. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za misheni chini ya Serikali, lakini makanisa yakabaki na nafasi ya wafadhili. Basi shule ikawa ya umma kwa fedha na walimu, huku desturi zake, pamoja na mavazi, zikifuata kipimo cha waanzilishi.

Mbele ya mahakama

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilikataa ombi la msichana Mwislamu aliyetaka kuvaa hijabu katika shule ya umma jijini Nairobi. Kesi iliyosikika zaidi ilitoka Isiolo, katika shule ya kutwa ya Mtakatifu Paulo Kiwanjani, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Ugomvi ulizuka mwaka 2014, baada ya kiongozi mmoja wa kaunti kuomba wasichana Waislamu waruhusiwe hijabu na suruali nyeupe. Kanisa lilikwenda mahakamani, na mzazi mmoja akajiunga na kesi ili kuwatetea wasichana hao.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwaruhusu wasichana hao ni kuwabagua wenzao. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikasema kinyume: kanuni moja kwa wote yaweza kuwabagua baadhi, iwapo mzigo wake unawaangukia wao tu. Tarehe 24 Januari 2019, majaji wengi wa Mahakama ya Juu waliitengua hukumu hiyo, hasa kwa sababu madai ya mzazi hayakuwasilishwa kwa utaratibu unaofaa. Jaji mmoja hakukubaliana nao. Hata hivyo, Mahakama iliishauri shule izungumze na wazazi na wanafunzi juu ya kuwafikiria wale ambao imani zao hazipatani na sare. Septemba ya mwaka huo huo, Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana wa dini ya Rastafari asifukuzwe shuleni kwa sababu ya nywele zake.

Ni dhahiri kwamba hukumu za Isiolo ziligawanyika juu ya maana ya neno moja, yaani usawa. Kwa Mahakama Kuu, usawa ulikuwa ni kufanana. Kwa Mahakama ya Rufani, ulikuwa ni kumpa kila mtoto nafasi ya kusoma bila kuiacha dini yake mlangoni. Mahakama ya Juu ililiacha swali hilo bila jibu.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Sare ya shule ya Kenya iliazimwa, na kwa muda mrefu imewasitiri wengine na kuwaacha wengine wazi. Hili si hoja ya kuifuta. Hata wasichana wa Isiolo hawakuikataa sare, waliomba kuiongezea kitambaa. Ushauri uliotolewa na Mahakama ya Juu, kwamba shule na wazazi waketi pamoja, unalirudisha neno sare kwenye maana yake ya arusini, ambako wavaaji hukubaliana kwanza juu ya kitambaa. Kazi hiyo ya kukubaliana bado inazingoja bodi za shule.