Somo la Historia: Wajoli na Watoro

Wanafunzi wa Kibiti na delta ya Rufiji, someni nami: m-jo-li.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alikataza kusafirisha watumwa baharini. Wachuuzi wakawaswaga mateka kwa miguu kutoka Kilwa, wakavuka Rufiji kwenda kaskazini. Mwaka 1876 njia hiyo nayo ikapigwa marufuku. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika mwaka 1922.

Mateka walitengwa na ndugu zao, na wengi hawakuelewana lugha. Lakini watumwa wa bwana mmoja waliitana wajoli, yaani wenzi katika utumwa. Kwa neno hilo walijipatia udugu mpya. Wengine walitoroka, wakajenga vijiji vyao porini. Hao waliitwa watoro.

Kazi: tungeni sentensi moja yenye neno mjoli, na moja yenye neno mtoro.