Mafuta ya Mimea na Oili ya Injini: Kutoka Umatengo hadi Mwambao wa Ziwa Nyasa

Injini zilifika Ziwa Nyasa kabla ya barabara za magari. Meli ya kwanza ya mvuke, Ilala, ililetwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1875 ikiwa vipande vipande, ikabebwa na wapagazi kupita maporomoko ya mto Shire, kisha ikaunganishwa upya. Ilikula kuni. Mwaka 1893 Wajerumani nao walikuwa na meli yao ziwani, Hermann von Wissmann. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliikuta imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo, ikaishambulia. Chauncy Maples, meli ya misheni ya Kianglikana ya UMCA iliyoshushwa majini mwaka 1901, iliendelea kwa mvuke mpaka ilipofungwa injini ya dizeli katika miaka ya 1960.

Tangu hapo dizeli imetawala. MV Songea na MV Iringa zilibeba abiria na mizigo kati ya Itungi na Mbamba Bay. Zikafuata MV Njombe na MV Ruvuma mwaka 2017, kisha MV Mbeya II mwaka 2021. Huko juu Umatengo, yaani milima ya Mbinga, dizeli imezungusha mashine za kusaga na za kumenya kahawa. Hadi njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea mwaka 2018, mji wa Mbinga ulitegemea kwa sehemu kubwa majenereta ya shirika la umeme, TANESCO. Kila lita ilisafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hadi Songea kabla ya kupanda milima ya Mbinga. Katika mazingira hayo, mafuta yanayoweza kukamuliwa shambani ni wazo lenye mvuto mkubwa.

Wazo hilo lina umri unaokaribia ule wa injini ya dizeli yenyewe. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilistawi. Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa esta, na mwaka 1938 basi la abiria liliendeshwa kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya mawese ya Kongo yaliyogeuzwa kwa njia hiyo. Mafuta hayo ndiyo yanayoitwa leo biodizeli.

Tanzania ilifikiwa na wimbi la mafuta ya mimea katika miaka ya 2000, bei ya petroli duniani ilipopanda hadi kuvuka dola 140 kwa pipa mwaka 2008. Mbono kaburi, mmea uliozoeleka kama ua wa boma na alama ya makaburi, uligeuka zao la biashara. Sun Biofuels ililima Kisarawe, BioShape ikachukua ardhi Kilwa, na Diligent ya Arusha ikanunua mbegu kwa wakulima wadogo. Kufikia mwaka 2011 miradi ya Kisarawe na Kilwa ilikuwa imesimama. Mjadala mwingi ulihusu ardhi na mavuno. Yale yanayotokea ndani ya injini yalizungumzwa kidogo.

Mafuta ghafi ya mbono ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli. Nozeli haiyanyunyizi vizuri, hivyo hayaungui yote: masizi huganda kwenye nozeli, ringi za pistoni hunata, na yanayovuja hadi kwenye oili huigandisha. Injini za zamani za mwendo wa polepole, za aina ya Lister, huyavumilia zaidi. Kuyageuza kuwa biodizeli hupunguza uzito huo: mafuta huchanganywa na methanoli pamoja na kichocheo, kisha gliserini hutengwa.

Hata hivyo tatizo la oili hubaki kwa sura nyingine. Katika kila injini, mafuta kidogo yasiyoungua hupenya kando ya ringi na kuteremka kwenye oili. Dizeli ya kawaida huanza kuchemka kwenye nyuzi 180 hivi, kwa hiyo sehemu yake hufukizwa na joto la oili na kutoka. Biodizeli huchemka kati ya nyuzi 330 na 360, kwa hiyo ikishaingia, hukaa. Oili huwa nyepesi na utando wake kati ya beringi na krenkishafti hupungua. Fundi akichomoa kijiti cha kupimia ataona kiwango kimepanda, akadhani oili haijapungua, kumbe imechanganyika. Baadaye biodizeli hiyo huoza kwa oksijeni na joto, ikatoa asidi zinazokula risasi na shaba za beringi, kisha tope linaloziba njia za oili.

Biodizeli ina faida pia. Dizeli iliyoondolewa salfa hupoteza ulaini wake, na asilimia 1 au 2 tu ya biodizeli huurudisha, hivyo pampu ya dizeli na nozeli hudumu zaidi. Masizi nayo hupungua. Ila huyeyusha uchafu wa zamani ndani ya tangi na kuziba filta katika siku za mwanzo, na hulainisha mipira ya asili. Ile ya mawese huanza kuganda kwenye nyuzi 15 hivi, baridi ambayo asubuhi za Juni na Julai Umatengo huifikia, ingawa mwambaoni Liuli na Mbamba Bay, mita 500 hivi tu juu ya bahari, joto huizuia.

Kwa hiyo biodizeli inafaa ikiwa imetengenezwa kwa viwango, imechanganywa kwa kiasi kidogo, na oili inamwagwa mapema kuliko kawaida. Mahali ambapo kipuri husafiri siku kadhaa, akiba ya mafuta iliyopatikana shambani hupotea yote beringi moja ikifa.